Kuandika skripti kwenye simu bila kulipa hata mia: Fountain na DubScript, maoni ya mtu wa tamthilia

Wakuu habari zenu. Kila nikikutana na mtu anayetaka kuingia kwenye uandishi wa tamthilia au hizi sirizi za YouTube, swali linalowahi kutoka mdomoni ni "we unatumia programu gani?", na ukimwangalia vizuri unaona ashajijibu mwenyewe kwamba bila Final Draft hawezi kuitwa mwandishi. Sasa Final Draft bei yake ya kawaida inacheza kwenye dola 250, yaani laki sita na ushee ya kibongo, na hapo hujanunua laptopu ya kuiwekea. Kwa mtu ambaye hajawahi kulipwa hata skripti moja hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa, kwahiyo watu wanaishia kwenye Word wakipigana na spesi, au wanajitumia wenyewe meseji WhatsApp kipande kipande, na prodyuza anakuja kupokea kitu ambacho hajui nani anaongea na nani yuko jikoni.

Mi naandikia kwenye simu. Android ya kawaida tu, kioo kina ufa pembeni. Natumia vitu viwili vinavyokwenda pamoja, Fountain na DubScript, na nitaviongelea kwa uzuri na ubaya wake.

Tuanze na Fountain maana ndo watu inawachanganya. Fountain ni utaratibu wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida kabisa, yale yale unayoandika kwenye sehemu ya noti ya simu, alafu programu yoyote inayouelewa huo utaratibu inakupangia yenyewe: fonti ya Courier saizi 12, jina la mhusika linasogea katikati, maneno yake yanakaa kwenye safu nyembamba, ukurasa unapata namba. Ilitoka 2012, na walioisimamia ni John August, mwandishi wa Hollywood aliyeandika skripti ya Big Fish, pamoja na mtengeneza filamu Stu Maschwitz, kila mmoja alikuwa na kitu chake kinachofanana na cha mwenzie wakaona bora waunganishe. Wakaiachia bure. Ndo maana leo inasomwa na programu kibao, za bure na za hela.

DubScript ndo programu ya Android inayosoma na kuandika Fountain. Ni bure ila ina matangazo, ya kulipia ipo kwa asiyeyataka. Unaandika, unaangalia ukurasa umekaaje, ukiridhika unatoa PDF unaituma. Basi, haina makuu.

Mfano ni huu, unaandika hivi hivi:

.NDANI. CHUMBA CHA KUPANGA, MANZESE - USIKU

Zuwena anahesabu hela za kikoba kitandani. Mlango unagongwa. Anazifunika kwa khanga.

ZUWENA
(sauti ya chini)
Nani?

SAUTI YA MWANAUME
Fungua, mi sio mgeni.

Umeona hakuna cha kubonyeza tabu wala kupima kwa rula. Jina kwa herufi kubwa, mstari unaofuata ndo maneno yake, mabano ni maelekezo kwa muigizaji, mstari mtupu maana yake tunahamia kitu kingine. Mtu anayejua kuchati anaweza kujifunza hii kitu kwenye foleni ya Ubungo na akashuka anaijua.

Ila hiyo nukta mwanzoni mwa NDANI iangalieni vizuri, kwasababu hapo ndo Kiswahili kinapoanza kugombana na hii mitambo ya wazungu. Fountain inajua yenyewe kwamba mstari unaoanza na INT au EXT (ndani au nje kwa Kiingereza) ni kichwa cha sini. NDANI na NJE haivijui, kwake ni maneno tu kama mengine. Ukiweka nukta mbele yake unailazimisha iukubali huo mstari kama kichwa cha sini, na nukta yenyewe kwenye PDF haionekani. Kuna wenzangu wanaamua kubaki na INT. na EXT. alafu mengine yote Kiswahili, na hilo prodyuza wa Dar halimsumbui hata kidogo. Mi napenda NDANI na NJE maana skripti yangu inasomwa na watu wa seti wote mpaka dada wa mavazi na kijana wa taa, na hao nataka waelewe bila mkalimani.

Vivyo hivyo kwenye kukata. Mstari wa herufi kubwa ukiishia na TO: inaujua kwamba ni mpito wa sini, ukiandika KATA KWENDA: inakushangaa. Unaanza na alama ya > ndo inaelewa na kuusogeza kulia. Na kuna moja ya kuchekesha, ukiandika MIEZI SITA BAADAYE kwa herufi kubwa alafu chini yake bila kuruka mstari ukaendelea na maelezo, inachukulia Miezi Sita Baadaye ni mhusika na hayo maelezo ndo anaongea. Dawa yake ni kuruka mstari, au kuweka alama ya mshangao mwanzoni. Haya ni madogo, unayazoea, ila yaliyoandikwa kuhusu Fountain kwa Kiingereza hayatakwambia maana wao hayawapati.

Kingine ambacho ni cha lugha yetu ni urefu. Wote mmeshasikia ile ya ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja kwenye kioo. Hesabu hiyo inatokana na Courier 12, herufi zote upana mmoja, kumi kwa inchi, na safu ya maneno ya mhusika ina kama inchi tatu na nusu, kwahiyo kwenye mstari mmoja zinaingia herufi kama 35 hivi. Sasa chukua "ningekuwa nimeshamwambia asingekubali", hiyo tayari imemwagika mstari wa pili, na Mzungu angeitawanya kwenye vijineno vidogo vidogo vinavyojaza mstari vizuri bila kuacha mapengo. Alafu muigizaji wetu mzuri hilo "nimeshamwambia" la herufi kumi na nne analipitia kama upepo. Matokeo yake kwenye ugomvi wa mke mwenza kurasa zinakuwa nyingi kuliko dakika, na kwenye sini za kimya kimya, mtu anatembea tu na kamera inamfuata, inakuwa kinyume chake. Kwahiyo namba ya kurasa ichukulieni kama makisio, kaeni wawili watatu msome kwa sauti na saa ya simu pembeni. Hii mtaifanya kwa programu yoyote hata ya laki sita.

Sasa kwanini simu, kwanini nisitafute tu laptopu? Kwasababu ya mawazo. Mi nikikaa mezani nijiambie "leo natafuta wazo" linakuja la mtoto wa tajiri kumpenda binti wa kimaskini, mama mkwe hataki, na hilo mmeshaliona mara ngapi. Vitu vyenye nyama navipata nikiwa nafanya shughuli nyingine. Kwenye gari la Mbagala kulikuwa na mama anaongea na simu kwa sauti ile ya kujibana, akasema "usimwambie baba yako kama nimepita", akakata, akachungulia dirishani. Hujui ni mama gani, amepita wapi, kwanini baba asijue. Nina faili moja nimeliita jalala, ni la Fountain kama mengine, nikisikia kitu natumbukiza humo palepale nikiwa nimening'inia, kwa alama ya = ambayo kwenye Fountain ni ya muhtasari, inabaki kwenye faili lakini kwenye PDF haitokei. Konda na abiria wanagombania chenji, naweka. Mjumbe wa nyumba kumi anasuluhisha ugomvi wa kuku, naweka. Wauza magazeti wanabishana kichwa cha habari, naweka. Sehemu kubwa ya jalala ni takataka kweli, hazitakuja kutumika, ila nikipewa kazi ya episodi na kichwa hakina kitu huwa naanzia humo.

Tahadhari kidogo, kuchukua mstari wa mtu usiyemjua ni tofauti na kuchukua maisha ya jirani yako mzima mzima na jina umebadilisha herufi moja. Mtaa mzima utamjua, na yeye atajijua. Vunja vunja, changanya watu watatu, hamisha mkoa.

Chanzo kingine ambacho naona vijana wanakidharau ni hadithi za kale. 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la filamu fupi za hadithi za jadi za Kiafrika, wakachaguliwa watu sita kutoka Afrika kusini mwa Sahara na kwenye hao sita kulikuwa na Mtanzania Walt Mzengi Corey, Mkenya Voline Ogutu na Mganda Loukman Ali, yaani nusu nzima walitoka huku kwetu Afrika Mashariki, na filamu zao zikaingia Netflix 2023. Kila mmoja alipata dola 25,000 mbali na bajeti ya kutengenezea. Na hapa sikilizeni, raundi ya kwanza hawakutaka skripti nzima, walitaka sinopsis, yaani muhtasari wa hadithi, isiyozidi maneno 500 na linki ya kazi yoyote uliyowahi kufanya. Maneno 500 ni kitu unaandika kwenye simu. Ni vigumu kweli kukiandika, mi sinopsis huwa inanitesa kuliko sini kumi, ila kifaa sio kisingizio.

Na milango mingi ndivyo inavyofunguka. Wenye chaneli kama Maisha Magic Bongo wakitangaza wanapokea mawazo, au prodyuza wa mtaani mwenye kamera na watu wake, wanachoanza kusoma ni karatasi moja au mbili za hadithi na wahusika, wakivutiwa ndo wanauliza episodi ya kwanza iko wapi. Hapo kwenye "iko wapi" ndo wengi wanaanguka, maana walikuwa na wazo tu. Wakati huo ukiwa na PDF safi, ina ukurasa wa mbele wenye jina la kazi, jina lako na tarehe ya rasimu (Fountain unaandika tu Title:, Author:, Draft date: juu kabisa inapanga yenyewe, hayo maneno matatu yabakie Kiingereza), mtu anakuchukulia kama mtu wa kazi. Ukiomba kibali Bodi ya Filamu nako skripti inatakiwa. Na kabla hujaanza kuisambaza kwenye magrupu nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili, wazo tupu halilindwi na sheria ya hakimiliki, kinacholindwa ni kile ulichokiandika, ndo maana mimi siku hizi sisimulii hadithi mezani nikanyamaza, nasimulia nikiwa na kurasa tayari.

Kwa wale wa mitandaoni, YouTube na video za kusimama wima, naomba msidhani skripti haiwahusu. Hizi tamthilia za wima zilizopata umaarufu kwenye programu kama ReelShort, episodi ni dakika moja au mbili na kila moja lazima imalizike mtu amening'inia, hapo hakuna nafasi ya muigizaji kubuni akifika. Mi kazi za namna hiyo naweka episodi nyingi kwenye faili moja, kila episodi natanguliza na alama ya # ambayo ni kichwa cha sehemu, nacho hakitokei kwenye PDF, alafu nikiangalia mpangilio naziona zote zimejipanga na najua episodi gani imeisha kizembe. Kwa YouTube ukumbuke pia hela ya matangazo haianzi siku ya kwanza, mpaka ufikishe watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kwa video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwahiyo andikeni kitu mnachoweza kukirekodi mfululizo bila hela, chumba kimoja, watu wawili, sababu nzuri ya wao kushindwa kutoka. Sini ya ndoa yenye wageni mia mbili iacheni kwanza.

Turudi kwenye programu. Ninachokipenda kuliko vyote ni wepesi. Episodi nzima ya kurasa ishirini na kitu kwenye Fountain haifiki hata KB 50, picha moja ya wali maharage uliyopiga mchana ina uzito mara nyingi zaidi. Bando la kuunga unga linatosha. Intaneti ikikata unaendelea kuandika, umeme ukikata unaendelea kuandika, na faili ni lako liko kwenye simu yako, hata kampuni iliyotengeneza programu ikifunga duka kesho maandishi yako yatafunguka popote kwasababu ni maandishi tu. Hili la mwisho lina uzito, waliokuwepo enzi za Celtx ya bure ya kuweka kwenye kompyuta wanakumbuka, ilikuwa kimbilio la wengi, alafu wenyewe wakahamia kwenye huduma ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi.

Alama za mabano mraba mawili [[ ]] nazo nazipenda sana, unaandika dukuduku lako katikati ya sini, "[[huyu mjomba tumemuua episodi ya 4, anafanya nini hapa]]", na kwenye kuchapa unaweza kuzificha. Na sini uliyoikata usiifute, izungushie /* mwanzo na */ mwisho, inalala humo humo haichapwi. Prodyuza ana tabia ya kukwambia itoe, na baada ya wiki mbili anakuuliza ile sini tamu iko wapi.

Ubaya sasa. Kuandika kwenye simu kidole kinachoka, na kusahihisha episodi nzima kwenye kioo kidogo ni adhabu, ukitaka kuhamisha sini ya 3 ikae baada ya 9 unasugua kioo mpaka unasahau ulitaka nini. Mi rasimu ya kwanza naandika kwenye simu, kusahihisha naazima kompyuta au naenda kwenye steshenari ya mtaani, naangalia kwa programu ya afterwriting ambayo inafunguka kwenye brauza, bure, na faili lako halipelekwi kwenye seva ya mtu. Kibodi ya simu nayo kama iko kwenye Kiingereza itakubadilishia "hata" iwe "hate" mpaka ukome, ongezeni Kiswahili kwenye mipangilio ya Gboard kipo, au zimeni kabisa ile ya kusahihisha yenyewe. Na simu inaibiwa. Simu ya kuandikia skripti inaibiwa sawa na simu nyingine yoyote, kwahiyo faili liwe linakwenda Google Drive au angalau jitumieni kwa imeili kila mkimaliza kuandika.

Kama mnaandika wawili au zaidi kwa wakati mmoja hii haifai, hakuna mtu kuona anachoandika mwenzie papo hapo. Hapo nendeni WriterDuet, imetengenezwa kwa ajili ya hiyo kazi, na ya bure inakupa skripti tatu. Inafungua Fountain pia kwahiyo hamuanzi upya. Na ukishaingia kwenye uzalishaji mkubwa wenye ratiba, kufunga namba za sini, kurasa za rangi za marekebisho, hapo Final Draft na Fade In zinajua kazi yao na wala sizibezi, ila nyingi ya kazi hizo ni za watu wa uzalishaji na kama umefika huko kuna mtu ofisini ameshailipia.

Kutuma: watumieni watu PDF. Faili lenyewe la .fountain mtu asiye na programu hawezi kulifungua akibonyeza kwenye WhatsApp, atakwambia umetuma virusi. Kama lazima alisahihishe, libadilishe mwisho wa jina liwe .txt.

Kwa anayetaka kujifunza skripti zenyewe zinakaaje kabla hajaandika, John August ameweka skripti zake kwenye maktaba ya tovuti yake bure, BBC Writers nao wana maktaba ya skripti za vipindi vyao bure, na podkasti ya Scriptnotes anayoifanya na mwandishi mwenzie Craig Mazin tangu 2011 ni shule kamili kama Kiingereza hakikupigi chenga. Somo la ana kwa ana likitokea msilikimbie, tamasha la filamu la ZIFF pale Zanzibar na Maisha Film Lab aliyoianzisha mwongozaji filamu Mira Nair Kampala mwaka 2004 zimewapitisha wengi wa ukanda huu. Hayo madarasa ya kwenye mitandao ya "lipa elfu hamsini nikufundishe kuuza skripti Hollywood" ombeni kwanza kuona kazi moja ya mwalimu iliyowahi kurekodiwa.

Nyota, Fountain na DubScript nazipa nne kati ya tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya NDANI na NJE.

Wa iPhone na Mac kabla hamjauliza: DubScript ni ya Android, nyie tafuteni Beat, ni ya Fountain pia na kwenye Mac ni bure. Wa Windows, ukiwa na VS Code (programu ya kuandikia kodi) weka kiongezeo cha Better Fountain, nayo bure, inatoa PDF na inakuhesabia mhusika gani ameongea maneno mangapi. Mkibishana na muigizaji anayelalamika hana maneno ya kutosha, hiyo hesabu mnamwonyesha.